Dari ya Kumeza Mwangwi

Ukumbi wa kijiji cha Mughulu ulikuwa na kasoro moja tu: mtu akihutubia ndani yake, hakuna aliyesikia. Kuta zilikuwa imara, za matofali ya kuchoma. Bati zilikuwa mpya. Sakafu ilipigwa saruji ikalainika hadi watoto wakawa wanakuja kuteleza juu yake kwa makalio. Lakini sauti ikitoka kinywani mwa msemaji ilipanda batini, ikashuka ukutani, ikagongana na nyingine zilizotangulia, na mwishowe ikawafikia wananchi ikiwa kama mvumo wa nyuki mzingani. Kwa muda mrefu jambo hilo halikumkera mtu. Wananchi walipiga makofi kila msemaji alipovuta pumzi, na wasemaji walirudi Singida mjini wameridhika sana na mwamko wa watu wa Mughulu.

Kisha akaja mgeni wa kuhimiza kilimo, siku ya mvua. Alisema kila kaya ilime mtama wa akiba ya njaa. Watu wakapiga makofi. Akasema atakayekaidi atachukuliwa hatua kali. Wakapiga makofi zaidi. Mgeni akakunja uso, akainamisha kichwa, akasema sasa anawapa pole kwa kufiwa na mwalimu mkuu wao. Akina mama wakapiga vigelegele hadi mgeni akakaa chini.

Wiki iliyofuata ikaundwa Kamati ya Dari.

Luciana aliingizwa kwenye kamati hiyo kwa sababu mwongozo ulitaka awemo mwanamke, na kwa sababu mumewe, Yeremia Alute, ndiye aliyekuwa seremala wa kijiji. Mwenyekiti wa kijiji, Simeoni, aliueleza uteuzi huo mbele ya watu kwa maneno mazuri. "Mama huyu amezoea kuishi na mbao," alisema. Watu wakacheka. Yeremia naye akacheka, maana alikuwa mtu wa kucheka pale wengine wanapocheka. Luciana alijifunga vizuri khanga yake, akakaa kwenye benchi la wajumbe, mwisho kabisa, karibu na mlango, mahali ambapo mjumbe mwanamke anaweza kutumwa maji bila kusumbua wengine.

* * *

Bodi za kuchagua zililetwa na afisa mauzo aliyeitwa Gasto, kijana mnene kutoka shirika moja la vifaa vya ujenzi Dar es Salaam. Alifungua sanduku lake mezani katika ofisi ya kijiji kwa uangalifu mkubwa, utadhani anafungua jeneza la mkubwa fulani, akatoa vipande vitatu vya mraba.

"Hii ya kwanza ni bodi ya nyuzi za miti," alisema. "Inapunguza mwangwi kiasi. Lakini mchwa huipenda."

"Mchwa wa hapa wanapenda hata misumari," alisema Antipasi, katibu wa kijiji. Kipande cha kwanza kikawekwa kando.

"Ya pili ni ya jasi. Ngumu, safi, hailiwi na mchwa. Ila sauti ikiigonga inarudi ilikotoka. Tena ni nzito, fremu yake itakula mbao nyingi."

"Na ya tatu?" aliuliza Mwenyekiti, ambaye macho yake hayakuwa yamebanduka kwenye ya tatu tangu sanduku lifunguliwe. Ilikuwa nyeupe pe usoni, imetobolewa vijitundu kama vya sindano, na kwa nyuma ilikuwa ya manjano, laini, kama sufu.

"Hii ni ya nyuzi za kioo. Kioo kinayeyushwa, kinasokotwa kuwa kama nywele, kisha kinashindiliwa. Nyepesi kuliko zote. Sauti ikiingia humu haitoki."

"Haitoki kabisa?"

"Inamezwa."

"Ya mtu yeyote?"

"Ya yeyote, Ndugu Mwenyekiti."

Simeoni akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeonyeshwa dawa aliyoitafuta maisha yake yote.

Luciana aliomba kuishika. Ikapitishwa mkono kwa mkono hadi mlangoni. Aliipima uzito, akaibonyeza, kisha akaiweka ubavuni mwa sikio lake la upande wa wajumbe. Maneno ya Antipasi, aliyekuwa anaeleza habari za mchwa, yakasogea mbali ghafla kana kwamba mtu amemfungia katika chumba kingine. Luciana hakuwa amewahi kuona kitu chenye adabu kiasi hicho. Mkono wake ulikuwa tayari umekubali, lakini akauliza.

"Ikilowa inakuwaje?"

"Inalegea na kushuka. Isilowe," alijibu Gasto.

"Bati ni mpya, lakini paa la ukumbi linavuja juu ya meza kuu."

Antipasi aligonga kalamu yake mezani. "Ndugu mjumbe, ajenda ni dari. Paa si ajenda."

"Basi na hili. Nimeishika kidogo tu na kiganja kinaniwasha. Atakayeipachika atafanyaje?"

Gasto alisema hilo ni swali zuri. Mpachikaji huvaa glavu na kufunga kitambaa puani. Bodi ikishapanda juu haimdhuru mtu, maadamu haichokonolewi.

"Glavu zinapatikana wapi?"

"Dar es Salaam."

Kura zikapigwa. Wajumbe wote walichagua nyuzi za kioo: Mwenyekiti kwa weupe wake, Antipasi kwa sababu Mwenyekiti amechagua, wengine kwa sababu jua lilikuwa limekwenda na ng'ombe wao walikuwa bado malishoni. Luciana alichagua kwa sababu ndiyo iliyofaa. Kwenye taarifa ya kikao iliandikwa kwamba mjumbe mwanamke alichangia kuhusu usafi.

* * *

Bodi ziliwasili siku ambayo kijiji kizima kilikuwa shamba la ujamaa kupalilia mtama. Mwenyekiti peke yake ndiye aliyebaki nyumbani, kwa shughuli za uongozi, na akazipokea. Watu waliporudi walikuta lori limesimama mbele ya nyumba ya Yeremia, nao mgambo, walioitwa kutoka shambani, wanaingiza maboksi ndani.

"Ghala la kijiji lina mchwa," Simeoni alimweleza Yeremia, mkono wake ukiwa begani mwa seremala. "Nyumba yako haivuji. Kijiji kimekuamini."

Yeremia akashukuru. Luciana aliyaangalia maboksi yakijaza chumba cha kulala, kisha chumba cha mbele, kisha yakapanda hadi kwenye boriti.

"Na sisi tumeaminiwa kulala wapi?" aliuliza.

"Jikoni si pana tu, Mama Theresia?" alisema Mwenyekiti.

Wakahamia jikoni: Yeremia, Luciana, binti yao Theresia, na Bibi Dina, mama yake Yeremia, ambaye mgongo wake ulikuwa umemaliza kazi yake zamani na sasa ulibaki kwa ajili ya kuuma. Kitanda cha bibi hakikupita mlango wa jikoni. Akatandikiwa ngozi ya ng'ombe sakafuni, karibu na mafiga, na asubuhi ilibidi wamwinue wawili.

Haikupita muda wakaanza kujikuna. Maboksi yalikuwa yamechanika pembeni, na kila upepo ulipopita nyumbani humo ulitoka na unga usioonekana. Theresia alikwenda shule na vipele shingoni, akarudishwa na agizo kwamba akatibiwe upele kwanza. Kisimani wanawake walimpisha Luciana achote wa kwanza, heshima ambayo hakuwahi kuipata hata siku ya harusi yake, kisha wakasubiri maji yatulie ndipo wachote wao. Jirani yake Elizabeti, aliyekuwa na moyo mzuri, alimletea majani ya kuogea, akayaweka chini mbali kidogo, akarudi nyuma hatua kadhaa ndipo akamsalimia.

"Si upele, mama," Luciana alimwambia. "Ni dari."

"Ndiyo, mama," alijibu Elizabeti kwa huruma. "Kila mtu anasema hivyo."

Siku moja, akifagia jikoni, Luciana aliinua pembe ya ngozi ya mama mkwe wake ili atoe majivu, akaona rangi ya manjano. Chini ya ngozi, imefungwa vizuri katika khanga kuukuu, kulikuwa na bodi moja ya nyuzi za kioo, imekwisha kubonyea umbo la mgongo wa bibi.

"Mama, hii ni mali ya kijiji," alisema.

Bibi Dina alijibu kwa Kinyaturu, maana Kiswahili alikiweka kwa ajili ya wageni na padri. Alisema kijiji kina ukumbi, ukumbi unalazwa kwenye godoro, na yeye aliyemzaa seremala analala chini kama kuku. Kama kijiji kina haja na godoro lake, kije kimwambie chenyewe.

"Haikuwashi?"

"Inawasha," alisema bibi. "Lakini hainiumi."

Luciana alisimama na ufagio mkononi. Angeweza kuirudisha papo hapo. Aliutazama mkono wa mzee yule uliojaa mikwaruzo, akautazama uso wake, ambao asubuhi hiyo, kwa mara ya kwanza tangu wahamie jikoni, haukuwa umekunjamana kwa maumivu. Akaishusha ile pembe ya ngozi, akaendelea kufagia. Wala hakumwambia mumewe.

* * *

Yeremia alipachika dari bila glavu. Alijifunga khanga ya mkewe puani, akavaa koti la mvua juani, akapanda ngazi kila siku na kushuka macho mekundu. Alitengeneza fremu ya mbao kwa miraba, sawasawa kabisa, akalaza bodi moja moja kuanzia juu ya meza kuu kurudi nyuma. Mwenyekiti alipita kila jioni kupiga makofi chini yake. Makofi yalikufa palepale mikononi mwake, naye akacheka peke yake kama mtoto.

Kabla ya kufika ukuta wa nyuma, bodi zikaisha.

Yeremia aliingia nyumbani akatafuta chini ya kila boksi tupu. Kisha akaenda kumwambia Mwenyekiti, kwa nia njema, kwamba huenda mjini waliwapunja. Simeoni alimsikiliza hadi mwisho. Akamwita Antipasi. Antipasi akaita mgambo.

Walifika Bibi Dina akiwa amelala. Kijana wa mgambo alipiga magoti kwa adabu, akasema, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Tunaomba uamke, tukupekue."

Wakamkalisha kwenye kinu. Wakainua ngozi, wakatoa nje matandiko yake, nguo zake za ndani, kopo lake la usiku, vitu ambavyo hata mwanawe hakuwahi kuviona. Watu walikuwa wamejaa uani. Kijana akainua ile bodi juu, na ule mbonyeo wa mgongo ukaonekana na kila mtu. Bibi Dina alijifunika uso kwa khanga. Luciana alikwenda akaokota nguo za mkwewe moja moja, akakung'uta vumbi, akazikunja, bila haraka, huku watu wakimtazama.

"Moja imeonekana," alisema Antipasi. "Zile nyingine zimeuzwa wapi?"

Yeremia alimtazama mkewe. Luciana alitazama chini. Hapo ndipo mumewe alipojua kwamba mkewe alikuwa anajua, na hilo, alimwambia baadaye sana, lilimuuma kuliko kufungiwa.

Ikatajwa hujuma. Neno hilo lilikuwa geni kidogo Mughulu na lilipendwa sana kwa ugeni wake. Msumeno wa Yeremia, randa na patasi zake vikachukuliwa kuwa kielelezo, na mwenyewe akafungiwa ghalani kwenye magunia ya mbolea, akisubiri mkutano wa hadhara.

* * *

Luciana alikwenda kwa Mwenyekiti jioni ile ile. Alibisha hodi. Mke wa Mwenyekiti, Felista, alitokea mlangoni akausimamia kwa mwili wake wote, akasema, "Karibu," bila kusogea. Kisha Simeoni mwenyewe akatoka, akafunga mlango nyuma yake. Wakaongea wamesimama uani, kama watu wanaonunua kuku. Luciana alihesabu kwamba hiyo ndiyo sehemu ya adhabu yake: kwamba tangu leo yeye ni mtu wa kuishia uani.

"Ndugu Mwenyekiti, kosa ni langu. Niliiona ile moja kwa mama, nikanyamaza. Yeremia hajui kitu. Na ni moja tu."

"Nakuamini," alisema Simeoni kwa upole. "Mimi nakuamini. Lakini wananchi wameona pengo kule nyuma. Pengo lile haliwezi kuzibwa na bodi ya bibi."

"Nyingine zote zilizofika kwangu amezipachika."

"Sikiliza, mwanangu. Yeremia akisimama kesho akakiri zote, akaomba radhi, yamekwisha. Nitasimama mimi mwenyewe niseme tumsamehe. Atafanya kazi ya kujitolea kidogo, shule, zahanati. Asipokiri, nitalazimika kuandika kwa wakubwa. Na wakubwa hawana utu kama wetu."

Alimsindikiza hadi kwenye njia, jambo ambalo ni heshima, na akamwomba amsalimie mama mkwe.

Luciana aliyapeleka maneno hayo ghalani, akayasema kupitia tundu la mlango. Kisha Yeremia akasema, "Nikikiri, narudi nyumbani?"

"Anasema hivyo."

"Basi si neno tu? Nitalisema." Akakohoa mbolea. "Ila Theresia atakuwa mtoto wa mwizi."

Luciana alipitisha kiazi cha kuchemsha kwenye lile tundu, akasubiri hadi aliposikia anatafuna.

* * *

Ulikuwa mkutano wa kwanza chini ya dari mpya. Watu waliingia, wakakaa, wakaanza kuzungumza kama kawaida yao, na mara wakanyamaza wote. Kila mtu alikuwa amemsikia jirani yake. Mzee mmoja alijamba, na kwa mara ya kwanza tangu ukumbi ujengwe ikajulikana ni nani.

Mwenyekiti alisimama akafungua mkutano. Sauti yake, ambayo kwa miaka yote ilikuwa inamrudia kubwa na nzito kama ya ng'ombe dume, ilitoka nyembamba, yenye kukwama kidogo kooni. Akasimama, akakohoa, akajaribu tena. Alieleza mafanikio ya kijiji. Alipovuta pumzi hakuna aliyepiga makofi, kwa kuwa watu walikuwa wanasikiliza. Walikuwa wamesikia kwamba mavuno ya shamba la ujamaa yameongezeka, na walikuwa wanatazamana.

Yeremia akaletwa mbele. Vumbi la mbolea lilikuwa kwenye nyusi zake. Luciana alikaa nyuma na wanawake wengine, chini ya lile pengo, Theresia akiwa amemlalia.

"Ndugu Yeremia Alute," alisema Antipasi, "una la kuwaambia wananchi?"

Yeremia alifungua mdomo, akaufunga. Akatazama dari aliyoipachika.

Hapo Mwenyekiti akafanya alivyozoea kufanya miaka yote kwenye meza kuu. Aliinama kwa katibu wake, akaweka kiganja mdomoni, akanong'ona. "Asipokiri watataka upekuzi wa nyumba hadi nyumba, na mimi zile nimeshazipigilia sebuleni."

Ilisikika hadi benchi la mwisho. Ilisikika vizuri kuliko hotuba.

"Punguza sauti, Mwenyekiti," alinong'ona Antipasi, na hilo nalo likasikika.

Hakuna aliyesimama. Hakuna aliyepaza sauti. Wale mgambo walitazama buti zao. Wazee walitazama fimbo zao. Mtoto mmoja aliuliza, "Nini ziko sebuleni, mama?" akafinywa. Luciana alikumbuka ule mlango uliofungwa nyuma ya Simeoni, na Felista aliyeuziba kwa mwili wake, akaelewa kwamba alizuiwa kuingia si kwa sababu ya udogo wake, bali kwa sababu ya kilichokuwa ndani.

Yeremia hakuwa mtu wa maneno. Alisema taratibu, kana kwamba anamjibu mteja kuhusu meza.

"Mimi nakiri moja. Ilikuwa chini ya mgongo wa mama yangu, naomba radhi kwa hiyo. Hizo nyingine, nadhani wote tumesikia."

Simeoni alisimama. Alisema mkutano unaahirishwa kwa sababu ya mvua. Nje kulikuwa na jua la kukausha mtama.

* * *

Mtu mgeni wa mambo ya dunia angedhani yameisha. Yeremia aliachiwa, hilo ni kweli, maana hakuna mgambo aliyejitokeza kumrudisha ghalani. Lakini kesi, alisema Antipasi, iko palepale. Uchunguzi unaendelea, na vielelezo haviwezi kutolewa wakati wa uchunguzi. Vielelezo vilikuwa msumeno, randa na patasi. Seremala bila msumeno alikaa nje ya nyumba yake akiwatazama watu wakipita na milango yao mibovu kwenda kutengenezewa kijiji jirani cha Unyambwa.

Chumba chao walikipata tena. Usiku walilala kitandani, mgongo kwa mgongo.

"Ungeniambia," alisema Yeremia siku moja.

"Ungeirudisha."

"Ningeirudisha."

"Na mama angerudi chini."

Yeremia alifikiri. "Ndiyo," alisema. "Angerudi." Akageuka upande wake.

Asubuhi Luciana alikwenda kisimani. Wanawake hawakumpisha tena, jambo lililomfurahisha. Walikuwa wanaongea mambo ya sebuleni, kwa sauti ya chini, kila mmoja akisema kwamba ni lazima mtu fulani afanye jambo fulani.

Luciana alijitwisha ndoo. "Mimi leo jioni nakwenda kumjulia hali mama Mwenyekiti," alisema. "Sijamwona siku nyingi."

Elizabeti alimtazama. Akaweka kata yake chini. "Hata mimi," alisema. "Sijamwona."

Walikwenda wanne. Felista aliwaona tangu njiani, akausimamia mlango. Lakini mlango unaozuia mtu mmoja hauzuii wanne wenye adabu, hasa akiwemo mwenye umri wa mama yako mzazi anayesubiri kuamkiwa. "Shikamoo, mama," alisema Felista, akainama, na alipoinama wakapita.

Sebuleni kulikuwa na viti vya mbao, redio, picha ya harusi, na juu yake dari nyeupe pe, yenye vijitundu kama vya sindano. Ilikuwa imepachikwa na fundi wa kufichwa, miraba yake imekwenda mshazari. Wakakaa. Wakauliza habari za watoto, za mifugo, za kifua chake. Kisha wakanyamaza, wakainua nyuso zao juu, wakaangalia dari. Felista akaenda kuchemsha chai.

Chai ilikuwa na sukari. Duka la kijiji lilikuwa limetangaza tangu mwezi uliopita kwamba sukari imekwisha.

"Chai nzuri, mama," alisema Luciana. Wakaaga kwa heshima zote.

Siku iliyofuata wakaja wengine, Waislamu na Wakristo, waliokuwa na watoto mgongoni na waliokuwa na mikongojo. Siku iliyofuata wakaja wengi zaidi hadi wakakaa sakafuni. Mwenyekiti aliporudi kutoka ofisini alikuta sebule yake imejaa, wote wakisimama kumsalimia. Hakuna sheria inayokataza wanawake kumjulia hali jirani, na Simeoni, aliyezijua sheria zote, alizipitia moja moja kichwani akaona hivyo. Akakaa uani kwenye jiwe. Ndani hapakuwa na sauti ila ya watu wakinywa chai, wameinua nyuso.

"Nyumba hii ni tulivu," alisema Bibi Dina, aliyeletwa siku hiyo kwa kushikwa mikono, naye alilisema kwa Kiswahili, kama vile yupo kwa padri. "Mgongo wangu umeikubali."

Sukari ya Mwenyekiti iliisha kwanza. Halafu majani ya chai. Kisha asubuhi moja, bila maelezo, bodi zikaonekana zimepangwa kwenye ngazi za ukumbi, zimefunikwa turubai.

Taarifa ya kijiji ilisema kwamba kutokana na juhudi za uongozi, bodi zilizokuwa zimehifadhiwa mahali salama zimepatikana zikiwa katika hali nzuri, na Kamati ya Dari inapongezwa. Simeoni alibaki mwenyekiti. Antipasi alibaki katibu. Yeremia alirudishiwa msumeno wake ukiwa na kutu, na badala ya kusamehewa akaombwa ajitolee kuziba lile pengo. Akaliziba. Alitumia hata ile bodi ya mama yake, maana kijiji kiliidai. Mbao zilizosalia kwenye fremu hakumuuliza mtu, akampigilia mama yake kitanda kinachopita mlango wowote.

* * *

Luciana alikwenda kwa mke wa Mwenyekiti mara moja tena, peke yake. Mwenyewe hakujua vizuri alifuata nini. Felista alikuwa uani anaanika mablanketi kwenye kamba. Mikono yake ilikuwa na mikwaruzo kuanzia kiwiko hadi kidole, mingine mibichi, mingine ya zamani.

"Leo sina sukari," alisema Felista bila kugeuka.

"Sikuja kwa chai, mama."

Luciana alishika ncha ya pili ya blanketi. Wakalikung'uta pamoja, wakaligeuza, wakalikung'uta tena, wote wawili wakigeuza nyuso upande ili unga usiwaingie machoni.

"Mnafikiri ni nyinyi mliozitoa," alisema Felista. "Yeye alikuwa amezoea kuwashwa. Alisema mtachoka. Mimi ndiye niliyeshindwa kulala kwa kujikuna. Nikamwambia, mume wangu, chagua: ama hii dari yako, ama mimi."

"Akasemaje?"

Felista alilitupa blanketi juu ya kamba, akalinyoosha kwa viganja vyote viwili.

"Alifikiri kutwa nzima," alisema.